Pengo la Upana wa Kidole

Mokowe mwezi ule haikuwa mahali pa kwenda, ilikuwa mahali pa kukwama. Barabara ya Garsen ilikuwa imefungwa mara mbili, kwanza na mvua, halafu na shifta, majambazi wenye bunduki, na redio ya polisi ilirudia maneno yaleyale kila asubuhi: magari yasubiri msafara wa askari. Msafara wenyewe haukuwa na siku. Nyuma ya kambi ya wachimba visima palikuwa na pori lililojaa maji, mbele palikuwa na tope la mikoko na mkono wa bahari. Ng'ambo yake Lamu ilionekana karibu kabisa, lakini mashua ya polisi ilikuwa moja tu, nayo ilifuata maji, haikufuata matakwa ya mtu.

Inspekta Fanuel Ombati alikuwa amelala siku tatu juu ya meza ya karani, na mgongo ulikuwa umeanza kumgombeza. Asubuhi hiyo ya Jumatatu alifungua faili kwa mara ya kumi. Ukilisoma haraka, ungesema kesi imekwisha.

Alhamisi jioni mzee Husseini, mlinzi wa kambi hiyo, alikutwa amekufa, amebanwa kati ya ukuta wa stoo na bampa ya nyuma ya gari la mkuu wa kambi. Mkuu mwenyewe alikuwa Nairobi, naye amekwama huko. Gari lilikuwa la Kimarekani, pana kama kitanda cha harusi, la gia za otomatiki zisizo na klachi. Giaboksi yake ilikuwa imekufa. Mpya ililetwa kutoka Mombasa kwa mashua, ndani ya sanduku la mbao, na fundi aliyeitwa kuifunga alikuwa Jeilani wa Matondoni, kijiji cha ng'ambo, mtu aliyezoea mashine za mashua.

Crispus, karani wa stoo, alikuwa ameandikisha hivi: "Saa kumi na moja jioni nilimwona Jeilani kwenye usukani. Injini ilivuma, magurudumu yakatupa matope, gari likarudi nyuma kwa kasi na kumbana mzee. Jeilani alikimbilia kwenye hori lake, ule mtumbwi wake mdogo. Mimi ndiye niliyekuta ufunguo ndani ya gari na kuuchukua." Mkono wa gia ulikutwa kwenye R, ya kurudi nyuma. Spana ya Jeilani ilikutwa chini ya gari. Na wiki moja kabla, Jeilani na Husseini walikuwa wametukanana gatini mbele ya watu kumi na wawili, wote tayari kuapa.

Amri ilikwisha kuja kwa redio. Mshukiwa apelekwe Mombasa kwa shtaka la kuua kwa kukusudia, na mashua iondoke saa kumi, maji yakijaa. Shtaka hilo halikuwa na faini wala kifungo. Lilikuwa na kamba.

"Afande," Konstebo Kariuki aliita kutoka kwenye banda la mabati. "Hebu kuja uone hii gari."

Kariuki alikuwa ameendesha malori ya serikali Nakuru kabla ya kuvaa sare, na mikono yake haikutulia palipo na boneti. Alikuwa ameshika kile kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Kilikuwa kimelowa mpaka juu, kupita alama kwa mbali.

"Amemwaga mafuta mingi sana."

"Au mafuta hayakwenda yanakotakiwa kwenda," alisema Fanuel.

"Yataenda wapi tena, Afande?"

Fanuel hakujua. Alikuwa mtoto wa mwalimu, si wa fundi, na magari aliyajua kama abiria anavyoyajua. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wakubwa zake walikuwa wamechoka nao: kitu kisichokaa sawa hakikumpa usingizi. Alifungua kisanduku cha mbele ya kiti, akakuta kitabu cha kiwanda. Kilikuwa kipya, na kurasa za sura ya giaboksi zilikuwa bado zimegandana. Hakuna mtu aliyezifungua. Alizitenganisha kwa wembe wa kunyolea, akavuta kreti la soda, akaanza kusoma Kiingereza cha Wamarekani huku mbu wakimla miguu.

Alisoma kwa saa nzima. Alipoinuka alikwenda chini ya gari na tochi, akakaa huko mpaka shati likageuka rangi, akatoka ameshika bolti moja. Nyuzi zake zilikuwa zimevutika, zinang'aa.

"Hii imefanya kazi isiyokuwa yake," alisema, akaitia kwenye bahasha.

Jeilani alikuwa amefungiwa chumba cha saruji cha stoo, kisicho na dirisha. Mtu wa miaka arobaini hivi, mabega ya kubeba mbao, kofia yake safi hata mle. Alikuwa ameketi katikati ya sakafu kwa sababu kuta zilikuwa zikivuja. Hakuinuka.

"Fundi, nataka unieleze tena Alhamisi."

"Nimekweleza mara nne, Bwana Inspekta."

"Nieleze ya tano."

"Nalifunga giaboksi. Nalimaliza alasiri. Nikaiwasha gari, nikaiyaribu, ikenda mbele, ikarudi nyuma. Kazi safi. Nikaweka mkono wa gia pa kuegesha, na mawe tini ya magurudumu. Ufunguo nalimpa karani mkononi mwake, nikashika hori langu, nikashika ndia yangu Matondoni."

"Crispus anasema hukumpa ufunguo."

"Crispus ni mrongo."

"Gari lilikwenda vizuri?"

"Nimekwambia."

"Mbele na nyuma?"

"We huiyui kazi yangu? Uliza Lamu nzima, uliza Faza. Mashine ya mashua gani iliyonishinda mimi?"

Mtu huyu alikuwa anajichimbia kaburi kwa mikono yake miwili, na kila alipoulizwa alichimba kwa bidii zaidi. Kama gari lilikwenda vizuri, basi Crispus alikuwa amesema kweli, au angalau alikuwa amesema jambo linalowezekana. Ushahidi wote wa kumnyonga Jeilani ulisimama juu ya neno moja, nalo alikuwa akilitoa mwenyewe bure.

"Fundi," alisema polepole, "unajua kwamba ukisema gari lilikwenda unamsaidia Crispus?"

"Nasema kilichokuwa."

Mlango ulifungwa. Nje, mwanamke aliyevaa buibui alikuwa amesimama mvuani na bakuli lililofunikwa kitambaa. Alikuwa amepanda hori la watu tangu alfajiri. Jina lake Umulkheir, mkewe Jeilani, na hakuwa amekuja kulia.

"Bwana Inspekta, niruhusu nimpe chakula mume wangu."

"Utampa, Bi Umulkheir. Kwanza niambie. Alhamisi alifika nyumbani saa ngapi?"

"Kabla ya magharibi. Lakini mimi mkewe, nani atanisadiki."

"Mimi nasikiliza. Alikuwaje?"

Alihamisha bakuli mkono wa pili. Mvua ilipiga mabati.

"Kazi ikimwendea vizuri, akifika mlangoni huanza kuisimulia, mpaka majirani wakateka wakashika mbavu. Siku hiyo hakusema neno. Hakuosha hata mikono. Alikaa akielekea ukuta, nikimuuliza akaniambia nimwate peke yake. Nikamwambia, kwani imekushinda? Akatoka nde. Miaka kumi na sita sijamwona hivyo." Aliinua uso. "Bwana, mume wangu hajaua mtu. Lakini kuna kitu akificha, nami sikiyui."

Fanuel alichukua bakuli mkononi mwake mwenyewe, akamfungulia mlango, akaingia naye. Hakukuwa na kanuni iliyoruhusu hilo. Alikaa juu ya gunia la saruji akafungua kitabu cha kiwanda magotini.

"Kula, fundi. Mimi nitakusomea."

Jeilani hakuligusa bakuli. Fanuel alisoma, akigeuza Kiingereza kwa Kiswahili neno kwa neno, kwa sauti ya mwalimu babake. Alisoma juu ya ile konveta, duara kubwa la chuma mfano wa sufuria mbili zilizofunikizana, linalojaa mafuta na kupeleka nguvu za injini kwenye giaboksi. Kitabu kilisema iingizwe kwenye giaboksi kwanza, chini, kabla ya kuinua kitu chochote. Isukumwe huku ikizungushwa, mpaka izame mara tatu. Mara ya kwanza inashika shafti. Mara ya pili inashika bomba linalozunguka shafti hiyo. Mara ya tatu inashika pampu ya mafuta, na hapo ndipo imekaa.

"'Giaboksi ikiinuliwa,'" alisoma Fanuel, "'uso wake ugusane na uso wa injini kwa mikono tu. Likibaki pengo, usilivute kwa bolti. Shusha, anza upya. Ukivuta kwa bolti, pampu itavunjika, na gari halitasogea kwa gia yoyote.'"

Alifunga kitabu.

"Fundi, ilizama mara ngapi?"

Jeilani alikuwa akitazama mikono yake. Umulkheir alikuwa akimtazama yeye.

"Pengo lilibaki kiasi gani?"

Jeilani alilisukuma bakuli kando.

"Babako anaunda vyombo vya bahari Matondoni," alisema Fanuel. "Nimewaona wakifanya kazi pale. Ubao usipokubali kulala juu ya mbavu za chombo, wanaufanyaje?"

"Huvutwa," alisema Jeilani. "Hutiwa bolti, ukavutwa kidogo kidogo, hata ukalala. Ubao wote hukataa mwanzo. Ukiuonea huruma huundi chombo."

"Na giaboksi ilikataa."

"Nimesema gari lilikwenda!" Aliinuka ghafla, na kofia ikaanguka. "Mwataka niseme nini? Niseme mimi ni mwanafunzi? Mwatafuta la kuniaibisha mbele ya mke wangu!"

"Jeilani," alisema Umulkheir, pole sana. "Watakunyonga."

Jeilani aliokota kofia akaipangusa, akaivaa, akaketi tena na uso akaupeleka ukutani.

Fanuel alitoka. Saa yake ilisema saa sita kasoro. Alikuwa na saa nne na dakika chache, na mtu aliyemhitaji kuliko wote alikuwa amejifungia ndani ya heshima yake, mahali ambapo ufunguo wa polisi haufiki.

"Kariuki! Tunaishusha ile giaboksi."

"Mimi na nani, Afande?"

"Wewe na mimi. Kila bolti unayotoa, naiandika. Crispus atasimama pale ashuhudie. Na huyo mshukiwa mleteni, akae kitini, pingu mikononi. Asiguse kitu."

Ndivyo ilivyofanyika. Crispus alikuja amevaa koti la mvua la mkuu wa kambi, akasimama kwenye nguzo ya banda akivuta sigara, uso wa mtu asiye na haraka. Kariuki alilala chini ya gari. Bolti ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikwama, akaipigia kelele kwa Kikikuyu, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe nyundo."

"Asitie nyundo!" Jeilani alikuwa amesimama, pingu zikilia. Askari aliyemlinda alimshika bega. "Ya juu ndiyo iloishika. Legeza ya juu kwanza, robo robo. Ukipiga hapo, utaipasua nyumba yake yote."

Watu wote walimgeukia. Jeilani alijua kwamba amejifichua, ilionekana usoni, lakini mkono wa fundi ulikuwa umemshinda mshukiwa.

"Endelea," alisema Fanuel.

Akaendelea. Aliongoza kwa kidevu na kwa maneno mafupi, pingu zikiwa magotini, na Kariuki akatii kama malori ya Nakuru yalivyomtii yeye. Bolti zilipolegezwa zote, giaboksi ilijisogeza yenyewe, taratibu, ikaachana na injini bila kuvutwa na mtu. Fanuel aliingiza kidole cha shahada kwenye pengo. Kiliingia chote.

"Andika," alimwambia askari. "Imejitenga yenyewe, upana wa kidole kimoja."

Waliishusha juu ya magogo. Kabla hawajaitoa konveta, Fanuel alifungua ule mrija mwembamba unaopeleka mafuta ya giaboksi kwenye rejeta kupoa. Aliuinamisha juu ya karatasi nyeupe. Hapakutoka hata tone. Akapitisha kipande cha waya kilichofungwa pamba, kikatoka kikavu, na vumbi la kiwandani juu yake.

Halafu Kariuki alivuta konveta. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, akaporomoka nayo nyuma.

"Nyepesi, Afande! Ni tupu!"

Ndani, gurudumu la pampu lilikuwa limepasuka vipande viwili. Jeilani aliinama akaviangalia kwa muda mrefu kuliko polisi wote.

Fanuel alijifuta mikono, akamgeukia Crispus.

"Unaona, Bwana Crispus, hili gari linasogea kwa mafuta. Pampu inayasukuma, yanajaza hii konveta, yanapita kwenye mrija, ndipo magurudumu yanazunguka. Giaboksi hii ni mpya, ilikuja kavu. Mafuta yaliyomiminwa yako chini yote. Hayajapanda hata inchi moja. Pampu ilivunjika bolti zilipokazwa, kabla injini haijawashwa. Gari hili halijasogea kwa injini tangu giaboksi ifungwe. Si mbele, si nyuma."

"Mimi si fundi," alisema Crispus. "Nilieleza nilichoona."

"Uliona magurudumu yakitupa matope."

"Labda lilibingirika. Kuna mteremko."

"Linaweza kubingirika. Mtu akitoa mawe, akatoa mkono wa gia pa kuegesha. Lakini hapo hakuna injini kuvuma, hakuna matope kurushwa, na hakuna haja ya mtu kwenye usukani. Sijasema umeua. Nasema umenieleza kitu ambacho hakikutokea, na ukakieleza vizuri mno."

Crispus alitupa sigara. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kutafuta njia ya kutokea, akatazama barabarani, akatazama baharini, akakuta maji pande zote mbili.

"Sasa mnanionea!" Sauti ilipanda. "Mtaniambiaje halikwenda? Yeye mwenyewe aliniambia linakwenda! Aliponipa ufunguo alisema, mbele na nyuma, safi kabisa! Muulizeni!"

Kariuki aliacha kufuta mikono.

"Alipokupa ufunguo," alisema Fanuel. "Saa ngapi?"

Crispus alirudi nyuma hatua moja, akagonga nguzo.

"Katika maelezo yako uliukuta ndani ya gari, mzee akiwa amekwisha kufa. Umetia sahihi. Saa ngapi alikupa, Bwana Crispus?"

"Nimechanganyikiwa. Mmenichanganya."

"Mkae naye," Fanuel aliwaambia askari. "Nina maswali pia juu ya dizeli ya kambi na mashua zinazokuja usiku kuiiba, ambazo nimeambiwa mzee Husseini alikuwa amezihesabu kwa macho yake. Tuna muda mwingi. Barabara imefungwa."

Pingu zilitoka mikononi mwa Jeilani zikaingia kwenye mikono ya koti la mkuu wa kambi. Ilikuwa saa tisa na robo. Mashua ilikuwa imeanza kuelea.

Lakini faili, lililopaswa kuondoka na mashua hiyo, halikuwa limekamilika, na Fanuel alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wakili yeyote wa Mombasa angeuliza: mshukiwa wenu wa kwanza alisema gari lilikwenda, mara tano, je, fundi mwenyewe hajui? Alivuta meza ndogo bandani, akaweka karatasi.

"Bwana Jeilani, nahitaji maelezo mapya."

Jeilani alikuwa akijisugua vifundo vya mikono. Umulkheir alikuwa amesogea, amesimama nyuma yake kwa hatua moja.

"Yasemeje?"

"Kwamba konveta haikukaa. Kwamba uliona pengo ukalivuta kwa bolti. Kwamba uliwasha, gari halikusogea, na ukamwambia Crispus linasogea."

"Yatasomwa wapi?"

"Mahakamani."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Na watu wa Lamu watakuwepo. Watu wa Husseini lazima waje."

Jeilani alishika tama. Mtu ambaye hajawahi kuishi na jina la ufundi, akalilea, akalipeleka Faza na kulirudisha, angeona ni jambo dogo. Fanuel alikuwa na babake aliyekufa bila kukubali kwamba amewahi kukosea hesabu ubaoni, na hakuliona dogo hata kidogo. Alimwonea huruma kwa kweli, na hakuweza kumpunguzia.

"Ilizama mara mbili," alisema Jeilani mwishowe. "Nalisikia mbili. Nikasema basi, imekaa. Nalivuta, nikasikia kitu kikivundika ndani, mlio mdogo. Nikayua nimeiharibu. Nikaiwasha, nikatia kila gia, gari hata haikutikisika. Mzee Husseini alikuwapo, amekaa pale ukutani. Akateka hata meno yakatoka nde. Akaniambia, Jeilani, hii si mashua. Nikamwambia aende zake. Ndipo nikampa karani ufunguo, nikamwambia ni nzima. Kwa kuwa mzee alikuwa ameteka."

"Na Crispus akaujengea uongo wake juu ya huo wako."

"Nimeyaona, Bwana Inspekta. Hukuhitaji kuniambia." Macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakuyaficha. "Ningalisema kweli siku ya kwanza, mzee asingalizikwa hali nimesingiziwa mimi kumuua. Yule mjane wake, Bi Radhiya, amenilaani siku tatu. Na mimi namwata anilaani, kwa sababu ya gurudumu la pampu."

Umulkheir aliweka mkono begani pake, hadharani, mbele ya askari. Hakuutoa.

Fanuel aliandika. Aliandika kama ilivyosemwa, bila kupamba, kisha akasoma yote kwa sauti, na Kariuki akasikiliza ameinamisha kichwa. Gatini nahodha wa polisi alipiga filimbi. Maji hayangesubiri.

"Uko radhi nayo?"

"Ongeza moya. Andika kwamba hakuna aliyenidanganya wala kuniharakisha. Kosa ni langu mimi, Jeilani, fundi."

Fanuel akaongeza, akampa kalamu. Jeilani alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, lakini aliiandika mbio na jina halikusomeka. Aliitazama karatasi, akaomba kalamu tena, akaandika upya chini yake, polepole, herufi kwa herufi, ili mtu yeyote atakayeishika aweze kulisoma.